Mshika Kigingi wa Gubani

Shamba la Asenath lilikuwa mwisho kabisa wa ziwa la Gubani, mahali ambapo maji hufika yamekwisha kuchoka. Wenzake walipokuwa wakitembea mashambani mwao maji yakiwafika magotini, yeye bado alikanyaga udongo uliopasukapasuka, akiyangojea. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenye sauti ndogo, na hakuna mtu pale Kibokoni aliyewahi kumsikia akigombeza hata kuku.

Kibokoni kilikuwa kijiji cha Wapokomo, kwenye kona moja kubwa ya mto Tana, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Garsen ukifuata ukingo kwenda juu. Mbele ya kijiji ulipita mto, nyuma yake lilikuwapo Gubani. Wazee walisema hapo kale mto ulipita pale nyuma, kisha ukahama na kuacha kitanda chake. Kila mwaka mto ulipofura, maji yaliingia ziwani kwa mfereji mmoja. Samaki waliingia nayo kutaga kwenye majani, yungiyungi zikafunguka, na mpunga uliokuwa umepandwa kandokando ukapanda juu pamoja na maji kama mtoto anayebebwa begani. Maji yakirudi mtoni, yaliacha tope jeusi lenye mafuta, na kwenye tope hilo watu walipanda mahindi na kunde. Hivyo ndivyo walivyoishi, na walimshukuru Mungu kwa mto kama mtu anavyomshukuru kwa pumzi.

Lakini tangu mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na mbili, au labda kabla ya hapo, mto ulikuwa umebadilika tabia. Maji ya kwanza ya mafuriko yalikuwa yakija mekundu na mazito, ukiyateka yanaacha tope la vidole vitatu chini ya mtungi. Danson, mwana pekee wa Asenath aliyebaki hai, alikuwa mwinjilisti na aliwahi kupelekwa bara kusoma. Yeye ndiye aliyewaeleza.

"Kule juu milima imelimwa mpaka mgongoni," alisema. "Miti imekatwa. Mvua ikinyesha, ardhi yote inateremka. Hili tope tunalonywa ni shamba la mtu."

"Basi mwenye shamba aje alichukue," Sarah, mwanamke mwenzake Asenath wa pale kijijini, akajibu, "maana mimi limenijaa mfereji."

Ndivyo ilivyokuwa. Udongo ule mwekundu ulikuwa ukilala kwenye mdomo wa mfereji, mwaka baada ya mwaka, ukakauka ukawa mgumu kama sakafu. Zamani wanaume waliuzibua kwa siku mbili kabla ya masika. Sasa wanaume wenye nguvu walikuwa wamekwenda pwani kwenye mashamba ya mkonge, na waliobaki walikuwa wazee na wagonjwa. Mafuriko mawili yalipita mbele ya kijiji bila kuingia nyuma. Gubani likaanza kunywea. Perege walikufa kwanza, matumbo juu. Kambare walijichimbia topeni, na yangeyange wakasimama ukingoni wakiwadonoa kama watu waliokaribishwa harusini. Mwaka wa kwanza Asenath alivuna vikapu viwili vya mpunga. Wa pili hakuvuna kitu. Kikabaki kikapu kimoja cha mbegu, kilichoning'inizwa juu ya moshi wa jiko, mbegu aliyopewa na mama yake, ambaye naye alipewa na wake.

Sasa, kulikuwa na desturi pale Gubani, na bila kuijua desturi hiyo mtu hawezi kuelewa yaliyompata Asenath. Mdomo wa mfereji haukuachwa wazi ovyo. Katikati ya ziwa kilisimamishwa kigingi chenye mikato, na maji yalipofika mkato wa juu, mdomo ulizibwa kwa mafungu ya matete na udongo wa mfinyanzi. Mwenye kukisoma kigingi na kutoa amri ya kuziba alikuwa mwanamke mmoja tu, naye siku zote alikuwa yule mwenye shamba la mdomoni, lililo karibu zaidi na mfereji. Hakuchaguliwa kwa hekima wala kwa tabia. Shamba lake ndilo lililozama kwanza, basi.

Mwanamke huyo alikuwa mama yake Sarah, naye alifariki mwisho wa mwaka wa hamsini na sita. Shamba likawa la Sarah. Lakini Sarah alikuwa mtu wa kucheka makanisani na kunywa tembo la mnazi mchana, na wazee wakaona haya kumkabidhi jambo zito. Komora, mzee wa kijiji, aliwakusanya watu baada ya ibada.

"Kigingi tumpe mtu anayemcha Mungu," alisema. "Tumpe Mama Danson."

Watu wote wakaitikia. Sarah peke yake akapiga ulimi.

"Mama Danson ni mwema kuliko mimi, hilo halina ubishi. Lakini shamba lake liko kule juu karibu na peponi, maji hayafiki. Kigingi ni cha mwenye kulowa."

"Wewe unalowa tembo," Komora akamwambia, na watu wakacheka, na Sarah mwenyewe akacheka kuliko wote. Ikaisha hivyo. Asenath alikipokea kigingi kwa mikono miwili, akasali wapewe mvua.

Mwezi wa Aprili, mwaka wa hamsini na saba, alishusha kikapu chake kutoka juu ya jiko akaipanda mbegu yote. Hakubakiza hata konzi. Mpunga wa Gubani hupandwa kabla ya mafuriko, uote kidogo kwa mvua, ili maji yakija yaukute umesimama. Yasipokuja, hunyauka ukiwa kijani bado.

Wanawake walijaribu kuuchimba mdomo wa zamani kwa siku nne, wakapata kina cha goti moja na malengelenge. Ndipo Asenath akawaza juu ya malka. Malka ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni; Waorma wanaochunga nyikani hupitisha mifugo yao hapo kati ya mashamba, kwa makubaliano ya tangu mababu. Malka ya pale ilikuwa ya ukoo wa mzee Hirbo. Kwato za miaka zilikuwa zimeulainisha ukingo na kuushusha, na kutoka hapo hadi Gubani palikuwa na mwendo mfupi tu, kando ya shamba la Sarah.

Hirbo aliwasikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja, fimbo begani. Kisha akateremka mpaka majini, akatazama namna mto ulivyokuja kuligonga tuta la ukingo na kujipinda, akarudi.

"Mama Danson, mimi napa nyinyi hii njia. Ng'ombe yangu nitapeleka malka ya juu, taabu kidogo, hapana neno. Lakini hapa mto inasukuma sana. Iko na hasira hapa. Ziwa ikijaa, funga siku ile ile."

"Siku ile ile, Mzee Hirbo. Mungu shahidi."

"Mungu iko na kazi nyingi," Hirbo akasema akitabasamu. "Shahidi ni wewe."

Wakachimba kwa siku tano, wanawake kumi na wanane, wakiimba. Mafuriko yalikuja katikati ya mwezi wa Mei, makubwa kuliko miaka mingi, na maji mekundu yakaingia Gubani kwa sauti ya kuku wanaokunywa. Watu walikimbia ukingoni kuyatazama. Chura waliokuwa wamenyamaza miaka miwili wakaanza kulia mchana kweupe. Sarah aliingia na nguo zake zote, akaketi ndani ya maji akijimwagia kichwani, akisema anabatizwa upya na safari hii itashika.

Siku ya sita, saa nne za asubuhi, maji yalifika mkato wa juu wa kigingi.

Asenath aliuona mkato ukimezwa. Akapanda mtumbwi, akaenda mpaka mwisho wa ziwa kutazama shamba lake. Ziwa zima lilikuwa limejaa, lakini tope la miaka ile lilikuwa limeinua upande wake, na maji yalikuwa yamesimama hatua thelathini kabla ya mpunga. Mpunga wenyewe ulikuwa umeanza kukunja majani. Akasimama pale muda mrefu, jua likimchoma utosini. Akapiga magoti akasali, na baada ya kusali akajisikia mtulivu, moyo umelegea, kama mtu aliyekwisha jibiwa. Akarudi akawaambia waliokuwa wakingoja na matete yao:

"Bado kidogo. Tutafunga kesho."

Hakuna aliyekwenda kukitazama kigingi. Kwa nini waende? Aliyesema ni Mama Danson.

Siku ya pili yake Sarah alimjia nyumbani, maji yakimchuruzika kiunoni.

"Shoga, maji yamenifika hapa," akajipiga nyonga. "Mpunga wangu sasa unatafuta njia ya kupumua. Funga."

"Kesho, dada yangu. Kwangu yamebakia hatua kumi."

"Kwako?" Sarah akamtazama. Haikuwapo hata chembe ya mzaha usoni mwake. "Kigingi kinasema nini?"

Asenath akainama akaanza kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

"Kinasema kesho."

Ule ndio ulikuwa uwongo wake wa kwanza tangu utotoni, na alishangaa jinsi ulivyotoka bila kumkwaruza koo.

Siku ya tatu, alasiri, maji yakaufikia mpunga wake. Aliyaona yakiingia kati ya mashina, mekundu, polepole, akalia kwa furaha. Akakimbia kwenda kuwaita wanawake wazibe. Lakini walipofika malka hawakuwa na kitu cha kuziba. Mdomo waliouchimba kwa upana wa mikono mitatu ulikuwa umepanuka kama uwanja. Tuta lilikuwa likimeguka mapande makubwa kama nyumba, yakianguka majini na kutoweka. Mafungu ya matete waliyoyatupa yalichukuliwa kama makapi. Upande wa chini wa ziwa, maji yaliyozidi yalikuwa yamepata kile kitanda cha kale cha mto, yakakichimbua, yakateremka kwa kasi kwenda kukutana na Tana tena huko chini. Mto ulikuwa umepata njia ya mkato, na mto hauna haya ya kurudi nyumba ya zamani.

Kwa wiki tatu watu waliutazama ukiwaacha. Kila asubuhi kona ya mbele ya kijiji ilikuwa na maji machache zaidi. Mafuriko yalipokwisha, ikabaki mchanga na vidimbwi, na vidimbwi vikawa kijani. Viboko waliondoka wenyewe. Mamba mmoja mzee alibaki kwenye dimbwi la mwisho na watu wakamwonea huruma. Mikuyu ya ukingoni ikaanza kupukutisha majani nje ya wakati. Kisima cha kanisa kikawa na chumvi. Mbu wakazidi, na homa ikawaua watoto wawili wa nyumba moja ndani ya juma moja. Gubani lenyewe halikuwa ziwa tena. Mto ulikuwa ukilipita katikati kwa nguvu, ukiyang'oa mashamba ya mdomoni, na la Sarah lilikuwa la kwanza kwenda. Shamba la Asenath, kwa kuwa lilikuwa mbali na juu, halikuguswa. Mpunga wake ulisimama mnene kuliko alivyowahi kuuona maishani.

Mtu anaposumbuka hutafuta wa kumlaumu, na wa kulaumiwa alikuwa karibu. Ukingo umevunjika wapi? Malka. Malka ya nani? Komora akasema kwato za ng'ombe wa Hirbo ndizo zilizoulegeza ukingo, na kwamba baada ya wao kuchimba, wachungaji walipitisha mifugo hapo kwa siri. Mwanzo alisema "labda", lakini kufikia Jumapili neno hilo lilikuwa limekwisha kudondoka njiani. Wazee wakaamua kumshtaki Hirbo mbele ya chifu huko Garsen, malka ifungwe daima na ukoo wake utoe ng'ombe arobaini. Barua iliandikwa na Danson, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Aliiandika mezani kwa mama yake.

"'Wakati sisi tulipokuwa tayari kuziba,'" alisoma kwa sauti, "'tulikuta ukingo umekwisha kuvunjwa na mifugo.' Ni sawa hivyo, Mama? Wewe ndiwe uliyekuwepo."

Asenath alikuwa akichambua mchicha. Aliendelea kuchambua.

"Mama?"

"Andika kama wazee walivyosema, mwanangu."

Tangu siku hiyo chakula kilimshinda. Alikwenda kanisani akaketi mahali pake, lakini wimbo ulipoanzishwa mdomo wake ulifunguka bila sauti. Alijiambia kwamba Hirbo ana ng'ombe wengi. Akajiambia kwamba akisema, mwanawe ataaibika mbele ya kanisa. Halafu akakumbuka kwamba maneno yale yote aliyapata kwa urahisi uleule alioupata siku ile alipopiga magoti kando ya mpunga, na hapo akaogopa kweli.

Baraza lilifanyika Garsen, karibu na kivuko, ng'ambo ya duka la Shee, mtu wa Kipini aliyekuwa akiuza chumvi na nguo. Watu wa Kibokoni walikaa upande mmoja, Waorma upande mwingine. Chifu alikuwa amechoka kwa joto na alitaka kumaliza. Danson akasoma barua. Waorma wakanong'ona. Hirbo akasimama.

"Mimi napa hawa watu njia yangu," akasema. "Ng'ombe yangu ilienda malka ya juu, ikapigana na ng'ombe ya watu huko, mbili ikavunjika mguu. Mimi hapana sema kitu. Leo naambiwa mimi navunja mto." Kisha akageuka. Hakumtazama chifu wala Komora. "Shahidi iko hapa. Uliza yeye."

"Shahidi gani?" chifu akauliza.

Asenath akasimama. Akamshika bega Sarah aliyekaa mbele yake.

"Ni mimi, Bwana Chifu. Ng'ombe hawakupita. Maji yalifika mkato saa nne ya siku ya sita, nami nilikuwa mshika kigingi. Nikawaambia wenzangu bado. Nikawaambia hivyo siku ya pili yake pia. Nilikuwa nikiyangoja yafike kwenye mpunga wangu." Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida, na watu waliinama mbele kuisikia. "Mzee Hirbo aliniambia nifunge siku ile ile. Nikamwapia."

Kamba ya kivuko ikasikika ikilia. Komora akasema, "Mama Danson, umekuwa mgonjwa siku hizi, keti." Alisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenzake nguo.

"Si mgonjwa," Sarah akasema bila kugeuka. "Nilimwendea nikiwa nimelowa mpaka kiunoni. Aliniambia kesho. Nilijua."

"Ulijua ukanyamaza?" Komora akafoka.

"Ningesema, mngeniambia nanuka tembo."

Chifu akaomba barua ile, akaikunja mara mbili, akamrudishia Danson. Kesi ya Hirbo ikafutwa hapo hapo. Lakini chifu hakuwa na amri ya kuurudisha mto, na alisema hivyo wazi. Kibokoni kilikuwa hakina maji, na mto mpya sasa ulipita katika malisho ya Waorma. Kama walitaka kunywa, wakaongee na wenyewe. Basi Komora, ambaye asubuhi ile alikuja kudai ng'ombe arobaini, ikambidi avuke ule uwanja na kuomba njia ya kupita mpaka majini. Wazee wa pande mbili walikaa mpaka alasiri. Hirbo hakutoa mashamba. Mashamba, alisema, ni neno la mwaka mzima, litazungumzwa na ukoo. Alitoa njia tu.

Asenath na Danson walirudi kwa miguu, mwana mbele, mama nyuma. Walipofika nusu ya njia mwana akasema.

"Niliiandika mezani kwako."

"Naam."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza, baba."

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walimtenga Asenath na Meza ya Bwana kwa miezi sita, na aliyelisoma tangazo hilo, kwa kuwa ndiyo kazi yake, alikuwa Danson. Alilisoma vizuri, bila kukwama. Baada ya ibada mama wa wale watoto wawili waliouawa na homa alipita karibu na Asenath, akasimama, kisha akaenda zake. Mpunga ulipokomaa, Asenath alipeleka kikapu kwa kila nyumba. Nyumba nyingine zilipokea, nyingine ziliviacha mlangoni mpaka kuku wakavimaliza. Sarah alipokea chake, akasema mchele haukukosa kitu, kisha akafunga mlango.

Njia aliyoitoa Hirbo ilikuwa ya saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Sharti lake lilikuwa moja: ng'ombe hunywa kwanza, watu baadaye. Wanawake wa Kibokoni walikwenda kwa makundi, wakizungumza. Asenath alikwenda peke yake, nyuma kidogo ya wenzake, mtungi kichwani.

Siku ya kwanza alipofika, wengine walikuwa wameketi kivulini wakipumzika. Kundi la ng'ombe lilikuwa ndiyo kwanza linateremka, mia na zaidi, likitimua vumbi, na binti mmoja wa Kiorma alisimama na fimbo kuizuia njia.

"Ngoja, mama," akamwambia. "Bado."

Asenath akautua mtungi wake chini, akasimama jua likimpiga, akawatazama wakinywa.